Kuchagua Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Kuhariri Video Nyumbani

Mtu anayetaka kuhariri video nyumbani, awe anahariri harusi na sendofu kwa malipo au ibada za kanisani kwake kwa kujitolea, akifika dukani huulizwa ana shilingi ngapi, kisha huonyeshwa kadi inayosifiwa na vijana wa magemu. Kadi hiyo inaweza kuwa nzuri, lakini imechaguliwa kwa kigezo kisichomhusu. Mhariri huanzia kwenye faili linalotoka kwenye kamera, akaja kwenye programu anayoitumia, kisha kwenye kasha na pawasaplai ya kompyuta aliyonayo. Jina la kadi huja baada ya hayo yote.

Ndani ya kadi ya kisasa zimo sehemu mbili ambazo wauzaji huzichanganya. Ya kwanza ni viini vya kukokotoa, ambavyo katika uhariri husahihisha rangi, hupunguza chengachenga, hubadili ukubwa wa picha na kuweka madoido. Ya pili ni saketi ndogo ya pekee inayosimbua video iliyobanwa ili uione ikicheza kwenye taimulaini, na kuibana tena wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Saketi hii mara nyingi haikui kadiri bei inavyopanda: kadi za Nvidia za GeForce RTX 3060 na RTX 3090 zina saketi ya kizazi kimoja, ingawa ya kwanza ilitoka kwa dola 329 na ya pili kwa dola 1,499. Kwa hiyo mtu ambaye shida yake ni video kukwamakwama inapochezwa, na si madoido mazito, anaweza kulipa zaidi ya mara nne na asipate nafuu yoyote ya maana.

Kabla ya kutoka nyumbani, chukua faili moja la kazi yako ya kawaida ulifungue kwa MediaInfo, programu ya bure, usome mistari mitatu: "Format" (namna video ilivyobanwa), "Bit depth" (wingi wa ngazi za rangi) na "Chroma subsampling" (kiasi cha taarifa za rangi kilichohifadhiwa). Ukikuta AVC, yaani H.264, ya biti 8 na 4:2:0, kama inavyotoka kwenye simu nyingi na kamera kama Sony A7 III, basi huna sababu ya kuhangaika, kwa kuwa hata kadi za zamani kidogo husimbua aina hiyo bila taabu. HEVC, yaani H.265, ya biti 10 ya 4:2:0, ambayo iPhone hurekodi ukiwasha HDR, nayo inasimbuliwa na kadi za Nvidia tangu zile za GTX 10.

Ukikuta 4:2:2 ya biti 10, hapo ndipo fedha za wahariri wengi hupotea. Kamera kama Sony A7 IV na Canon R6 hutoa faili za namna hiyo, na wapigaji wa harusi huzipenda kwa sababu rangi za ngozi na za vitambaa hustahimili kusahihishwa. Lakini GeForce za RTX 20, RTX 30 na RTX 40 zote hazisimbui 4:2:2 ya H.264 wala ya HEVC. Mzigo wote huangukia prosesa, hata kadi iwe ya bei gani. Nvidia iliongeza uwezo huo katika RTX 50, zilizoingia sokoni Januari 2025. Intel ilitangulia kwa upande wa HEVC: prosesa zake za mezani tangu kizazi cha 11, zile zenye grafiki ya ndani, pamoja na kadi zake za Arc, husimbua HEVC ya 4:2:2 ya biti 10, ingawa H.264 ya 4:2:2 haziiwezi. Ndiyo maana mwenye Sony A7 IV na mashine ya Intel hufaidika akirekodi kwa XAVC HS badala ya XAVC S, kwa sababu ya kwanza ni HEVC na ya pili ni H.264. Ikiwa prosesa yako ina grafiki ya ndani, usiizime kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) baada ya kuchomeka kadi mpya, maana programu inaweza kuzitumia zote mbili. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni mwa jina haina grafiki hiyo, na anayenunua kompyuta ya kuhariria anapaswa kulitazama hilo kabla ya kulipa.

Programu nayo ina neno lake. Adobe Premiere Pro na toleo la kulipia la DaVinci Resolve, ambalo hununuliwa mara moja kwa dola 295, hutumia saketi hizi kwa upana, ilhali toleo la bure la Resolve lina mipaka katika jambo hilo. Toleo hilo la bure pia hutumia kadi moja tu, hivyo wazo la kuunganisha kadi mbili za bei nafuu liachwe.

Kujua kama kadi ndiyo inayokuchelewesha si jambo la kukisia. Cheza taimulaini yako nzito huku Task Manager ya Windows ikiwa wazi, kwenye ukurasa wa "Performance", na utazame grafu ya prosesa na zile za kadi, hasa "3D" na "Video Decode". Prosesa ikiwa imefika asilimia 100 huku "Video Decode" ikilala sifuri, faili lako halisimbuliwi na kadi, na kadi kubwa zaidi ya kizazi kilekile haitabadili lolote. Kama zote zimetulia na video bado inakwama, kagua diski kwanza, kwa sababu kazi nyingi huhaririwa moja kwa moja kutoka kwenye diski ya nje isiyo SSD. Na kama shida ni kusimbua tu, tengeneza faili za proksi, yaani nakala nyepesi za video za kutumia wakati wa kuhariri: Premiere na Resolve zote mbili hufanya hivyo bila gharama, na kwa mhariri mwenye harusi ya saa sita iliyopigwa kwa kamera tatu naona hiyo ni hatua ya kwanza hata kama fedha ya kadi ipo mfukoni.

Baada ya saketi hiyo, kitu cha kutazama ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, ambayo haihusiani na RAM ya kompyuta. Ikijaa, Resolve hukuandikia kwamba kumbukumbu ya GPU (yaani ya kadi) imejaa na kukataa kuendelea, mara nyingi katikati ya kurenda. Kwa Full HD, GB 4 zinaweza kukufikisha ukiwa mwangalifu; kwa 4K yenye usahihishaji wa kawaida wa rangi ningeanzia GB 8; na anayepunguza chengachenga kwenye 4K au kutumia Fusion, sehemu ya madoido ndani ya Resolve, atashukuru kuwa na GB 12. Hapa RTX 3060 ya GB 12 bado ina heshima kubwa kwenye soko la mitumba, lakini soma boksi na uhakikishe kwenye kompyuta, kwa sababu ipo RTX 3060 nyingine ya GB 8 yenye njia ya kumbukumbu iliyopunguzwa kutoka biti 192 hadi 128, na jina lao ni moja. Kati ya mpya, Intel Arc B580 ya Desemba 2024 ina GB 12 na ilitangazwa kwa dola 249. Sharti lake ni mazabodi inayokubali Resizable BAR (mpangilio unaoiwezesha prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja), jambo ambalo kwa mashine za Intel linamaanisha kizazi cha 10 na kuendelea.

Zipo kadi ambazo mhariri aziache hata akipewa kwa bei ya kutupa. GT 1030 haina saketi ya kubana video, kwa hiyo haikusaidii kurenda. Radeon RX 6400 na RX 6500 XT za AMD, zilizotoka 2022, hucheza magemu vizuri kwa bei yake, lakini nazo zimenyimwa saketi hiyo ya kubana. Muuzaji mwaminifu kabisa anaweza asilijue hili, kwa sababu wateja wake hawamuulizi.

Wengi wetu tunahariri kwa kompyuta zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, na hizi zina masharti yake. Kasha dogo la SFF hupokea kadi fupi tu, ile ya nusu kimo, na pawasaplai yake haina waya wa ziada wa kadi. OptiPlex 9020 ya SFF ina wati 255 kwa mashine nzima. Sloti ya PCIe hutoa wati 75 zisizozidi. Kwa hiyo unatafuta kadi isiyo na plagi ya umeme: RTX 3050 ya GB 6, ambayo hula wati 70 na ina matoleo ya nusu kimo, au RTX A2000 yenye wati hizohizo, inayopatikana ikiwa na GB 6 au 12. Epuka kununua adapta ya kugeuza waya wa SATA kuwa plagi ya kadi. Waya ule haukuumbwa kubeba mzigo huo na unaweza kuyeyuka. RTX 3060 hula wati 170 na inahitaji kasha kubwa na pawasaplai ya kutosha. Nvidia yenyewe hupendekeza wati 550.

Hesabu hiyo iguse na UPS. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni VA, si wati, na UPS ya VA 650 kwa kawaida hutoa chini ya wati 400. Kadi mpya ikiuzidi uwezo huo, umeme ukikatika katikati ya kurenda UPS itazima papo hapo, na kazi ya usiku kucha itakuwa imepotea.

Kuhusu mitumba, kadi nyingi zilizochimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum ziliingia sokoni baada ya uchimbaji huo kukoma Septemba 2022, na si zote mbovu, ila feni zake zimezunguka sana. Zipo pia za kughushi, ambazo BIOS yake imebadilishwa ili kompyuta isome jina jingine: "GTX 1050 Ti" yenye tundu la VGA ni ya kutiliwa shaka mara moja, kwa kuwa familia hiyo ilikwisha kuacha VGA. Nenda na GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kwenye flashi. Ikigundua udanganyifu huo huandika neno "FAKE" mbele ya jina. Tena, Nvidia ilisitisha draiva za kawaida za kadi za GTX 900 na GTX 10 Oktoba 2025, ikabakiza masasisho ya usalama tu, hivyo usizinunue leo kwa matumaini ya kuzitumia na matoleo yajayo ya programu.

Mwombe muuzaji achomeke kadi mbele yako, utoe mradi wako mwenyewe kutoka kwenye diski uliyobeba, na uurende kwa muda usiopungua dakika ishirini huku ukitazama joto kwenye GPU-Z na ukisikiliza feni. Picha ikiruka, skrini ikizima au joto likiendelea kupanda bila kutulia, mrudishie. Ikipita, risiti iandikwe modeli kamili, ukubwa wa kumbukumbu na namba ya utambulisho (serial number) iliyo mgongoni mwa kadi, pamoja na siku za waranti mlizokubaliana.