Msako wa mafumbo katikati ya Dar es Salaam: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka nyumbani

Msako wa mafumbo ni mchezo rahisi kuueleza. Mnapewa fumbo ambalo jibu lake limejificha kwenye jengo, sanamu, mlango au kibao fulani cha mjini. Mkilipata, linawaelekeza kwenye fumbo jingine, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wapo wanaoucheza kwa programu ya simu, na wapo wanaotungiana wenyewe kwenye karatasi: vijana wa kanisa, wafanyakazi wa ofisi moja, ndugu waliokutana likizo. Dar es Salaam ina eneo linaloufaa mno. Ukianzia Mnara wa Saa, ukaifuata Barabara ya Samora mpaka Makumbusho ya Taifa na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, kisha ukarudi kwa Barabara ya Sokoine upande wa bandari, utakuwa umepita kwenye kuta zilizoachwa na watu wa Sultani wa Zanzibar, Wajerumani, Waingereza, wafanyabiashara wa Kihindi na sisi wenyewe baada ya Uhuru. Yote hayo kwa miguu, bila kupanda gari.

Kwa sababu hiyo maandalizi yake nayo yanatokana na mji huo. Kuambiwa ubebe maji na uvae viatu vizuri ni sawa, lakini hakutakusaidia kusoma mwaka ulioandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, wala hakutakuepusha na mlinzi anayekukataza kupiga picha.

Kwanza chagueni siku. Katikati ya wiki Posta, yaani eneo hili la katikati ya mji, haifai kwa mchezo huu: magari yamebanana, vijia vya miguu vimejaa watu na biashara, na kila mnaposimama kufikiri mtakuwa mmewazibia wengine njia. Ijumaa mchana epukeni kabisa mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi na Mosque, kwa maana waumini wanaelekea msikitini kwa sala ya Ijumaa na si adabu kupita katikati yao mkihesabu madirisha. Jumamosi baada ya saa nane mji huanza kutulia. Jumapili asubuhi ndiyo bora kuliko zote kwa upande wa magari, ila kumbukeni kwamba makanisa mawili makubwa ya eneo hilo, lile la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front, yana ibada tangu asubuhi. Yote mawili yalijengwa enzi za utawala wa Wajerumani, Mtakatifu Yosefu kati ya 1897 na 1902, na yamesheheni vitu vizuri vya kutungia mafumbo. Kwa Jumapili basi tungeni fumbo linaloweza kujibiwa ukiwa nje ya uzio: umbo la mnara, rangi ya vigae, idadi ya matao. Yanayohitaji kuingia ndani yawekwe kwa siku nyingine, na kwa ruhusa.

Saa ya kuanza ni saa moja asubuhi, ikichelewa sana saa moja na nusu. Kufikia saa tano jua la Dar limeshakuwa kali na unyevunyevu wa bahari unakuchosha hata ukitembea polepole, hasa Desemba mpaka Machi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, angalieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia siku hiyo. Mvua ya nusu saa inatosha kujaza maji baadhi ya mitaa ya katikati, na mtaro usio na mfuniko hauonekani tena. Mkiamua kucheza jioni, anzeni saa tisa alasiri ili mmalize kabla ya giza. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, na baada ya hapo maandishi ya juu ya majengo hayasomeki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawalifanyi na ndilo linalotenganisha kundi linalofurahia na kundi linalokasirikiana njiani: andaeni macho yenu. Mafumbo mengi ya mjini hujibiwa kwa mwaka, jina au idadi, na katikati ya Dar es Salaam hivyo vitatu vimeandikwa kwa namna nyingi. Majengo ya zamani ya Wahindi yana jina la familia na mwaka wa ujenzi vilivyochongwa kwenye plasta juu kabisa, ghorofa ya pili au ya tatu, mahali ambapo mtu anayetazama maduka hatupi jicho. Baadhi yana Kigujarati. Misikitini mwaka unaweza kuwa wa Hijria, kwa tarakimu za Kiarabu, na mtu akiona 1345 akadhani ni karne ya 14 atapotea kabisa, kumbe ni mwaka ulioangukia kati ya 1926 na 1927. Vibao vya Wazungu navyo hupenda tarakimu za Kirumi. Kwa hiyo usiku wa kuamkia mchezo, chukueni karatasi moja, andikeni tarakimu za Kiarabu kuanzia sifuri mpaka tisa, andikeni za Kirumi kuanzia I mpaka M, na muifanye ile karatasi kuwa mali ya kundi. Ni kazi ya dakika kumi.

Karatasi hiyo hiyo iwe na majina ya zamani ya barabara. Barabara ya Samora, iliyopewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, enzi za Waingereza iliitwa Acacia Avenue, kwa ajili ya miti, na baadaye Independence Avenue. Mtunzi wa mafumbo akitaka kuwasumbua ataandika kitu kama "pita chini ya migunga", na asiyejua historia ataanza kutafuta mti. Vivyo hivyo Barabara ya Sokoine: fumbo linaweza kumtaja waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 1984, na nyinyi mtambue ni Edward Sokoine. Mtaa yalipo Makumbusho ya Taifa unaitwa Shaaban Robert. Mtunzi yeyote anayejiheshimu atautumia.

Kuna mtego mmoja wa Kiswahili ambao naupenda kuliko yote. Mnara wa Saa uliwekwa mwaka 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kufanywa jiji, na uso wake umegawanywa kama saa nyingine zote, moja mpaka kumi na mbili. Fumbo likiuliza, "Saa tatu kamili asubuhi, mkono mfupi wa mnara huu unaelekea tarakimu ipi?", jibu ni tisa. Watu wazima waliokulia Kiswahili hujibu tatu kwa haraka, kisha hugeuka na kucheka. Katika kundi lenye mchanganyiko wa Watanzania na wageni, kubalianeni mapema kwamba nyakati zote za mchezo zinasemwa kwa hesabu moja. Programu nyingi huandika 14:30. Aliyezoea saa za Kiswahili aambiwe wazi kuwa hiyo ni saa nane na nusu mchana.

Sanamu ya Askari haikosekani kwenye msako wowote wa hapa, na ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa kuliko zote. Ni ya shaba, ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari Waafrika na wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, na bayoneti ya askari imeelekezwa bandarini. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji. Maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na mafumbo mazuri huulizia tofauti kati ya lugha hizo. Tatizo ni kwamba imesimama katikati ya mzunguko wa magari. Anayetunga afikirie: je, jibu linaonekana kutoka pembeni? Mwelekeo wa bayoneti unaonekana. Mkao wa askari unaonekana. Maneno ya kwenye kibao hayaonekani mpaka uvuke, na watu wanaoshindana na muda huvuka ovyo. Kama fumbo linadai kuvuka, sheria ya kundi iwe kwamba mnavuka wote pamoja, kwenye alama za waenda kwa miguu, na saa ya mashindano inasimama mpaka mtakaporudi. Mtu asivuke peke yake akiwa ameinamia simu.

Kuhusu simu zenyewe. Chaji iwe imejaa, na angalau mmoja awe na pawabenki, kwa sababu ramani na kamera vinakula chaji. Nunueni bando mapema na mpakue ramani ya eneo ili isomeke hata mtandao ukikatika. Ila msimpe kila mtu kazi ya kushika simu. Wanaokwapua wakiwa kwenye pikipiki huangalia mtu aliyesimama ukingoni mwa barabara na simu mkononi, na mchezaji wa msako ndiye huyo hasa. Simu moja itoke kwa wakati mmoja. Anayeisoma asimame ndani, mgongo ukutani, wengine wamezunguka, na akimaliza irudi kwenye kibegi kilichovaliwa mbele. Wengine watumie daftari na kalamu. Kwa kweli daftari ni bora zaidi, kwa kuwa herufi mnazokusanya huonekana zote kwa pamoja.

Mavazi hayahitaji maneno mengi: raba zenye soli ngumu na si ndala, kofia, fulana nyepesi, na kwa wanawake na wanaume nguo inayofunika magoti na mabega kwa sababu mtapita penye misikiti na makanisa. Chupa ya maji kwa kila mtu. Chenji ya mia mbili mbili na mia tano tano kwa ajili ya choo, maji ya ziada na kahawa. Kama fumbo moja liko ndani ya Makumbusho, kuna kiingilio, na viwango vya raia na wageni havilingani, kwa hiyo kitambulisho kiwepo.

Picha ni suala la kujadiliwa nyumbani, si barabarani. Misako mingi humtaka mchezaji apige picha ili kuthibitisha kwamba amefika. Eneo hili lina Ikulu upande wa Magogoni, lina bandari, lina ofisi za serikali na vituo vya polisi, na hivyo vyote havipigwi picha. Anayetunga ahakikishe hakuna fumbo linaloelekeza kamera huko, hata kwa nyuma ya picha. Mlinzi akiwakataza, itikieni, ombeni radhi, ondokeni. Mkimwonyesha picha na kuifuta mbele yake, mara nyingi mambo huishia hapo.

Na watu. Huu ni mji wenye wenyewe, na kuna wazee waliokaa kwenye vijiwe vya kahawa tangu mitaa hii ikiwa na majina mengine. Kabla ya kuuliza, amkia. "Shikamoo mzee" kwanza, kisha jieleze kwamba mnacheza mchezo wa kutafuta majengo ya zamani, kisha swali. Ukimrukia mtu na "samahani, Boma la Kale liko wapi?" huku unahema, atakuelekeza tu. Ukikaa ukanunua kikombe cha kahawa na kashata, atakueleza kwamba boma hilo lilijengwa enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860, kwa mawe ya matumbawe, na kwamba mlango wake wa kuchonga unastahili kutazamwa hata kama haumo kwenye mafumbo yenu. Mimi naamini dakika hizo zinapaswa kuhesabiwa ndani ya mchezo. Ukitunga, toa alama kwa kundi litakalorudi na habari waliyopewa na mtu wa mtaani, hata ikiwa wamechelewa.

Kundi liwe la watu watatu hadi watano. Wakizidi, wawili wanatatua na waliobaki wanafuata tu. Gawaneni kazi kabla: mmoja anasoma fumbo kwa sauti, mmoja anaongoza njia, mmoja anaandika, mmoja anaangalia magari na mali za kundi. Mwenye shinikizo la damu, pumu au kisukari aseme mapema, na dawa zake ziwe mfukoni mwake. Watoto wapewe mafumbo yao ya kuhesabu na kutafuta rangi, na mtu mzima aliyetajwa kwa jina awajibike kwao. Namba ya dharura ni 112.

Kuhusu kukwama, tuna utaratibu wetu tayari. Kwenye vitendawili, aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akiridhika huupokea na kufungua kitendawili. Tumieni huo huo. Kundi likikaa zaidi ya dakika kumi na tano kwenye fumbo moja, linampigia mtunzi na kusema, "Nakupa mji." Anauliza upi, wanataja, anakubali au anakataa mpaka wataje wa kumfurahisha, kisha anatoa kidokezo. Miji iliyotolewa ihesabiwe mwishoni: kundi lililotoa miji michache zaidi ndilo lililoshinda. Mtunzi basi awe na simu hewani muda wote, awe na majibu yote kwenye karatasi, na awe ameitembea njia nzima wiki hiyo hiyo, maana vibao hung'olewa, kuta hupakwa rangi upya na jengo lililokuwepo mwezi jana linaweza kuwa limezungushiwa mabati.

Mwisho wa njia uwe mahali penye kivuli, viti na usafiri wa kurudi. Kivukoni panafaa: mabasi ya mwendokasi yanaishia hapo, na samaki wa kukaanga wa soko la Feri wako hatua chache mbele.