Kisu cha gurudumu na mkono wa kushoto

Anayekata viraka vya mfarishi (tandiko la vitambaa vilivyoungwa) kwa kisu cha gurudumu, kile chenye wembe wa duara unaozunguka, huchunga mkono wa kulia, ulioshika kisu. Unaokatwa ni wa kushoto, ulioshika rula. Gumba au kidole cha shahada kimechungulia nje ya ukingo, wembe unapita, na kijipande cha ngozi kinabaki juu ya kitenge. (Wewe wa mkono wa kushoto, geuza.)

Anza na wembe, maana wembe butu ni hatari kuliko mkali. Ukiwa butu unakandamiza, na ukikandamiza, siku kisu kikikuta pindo nene kinaruka na kupanda juu ya rula. Wembe wenye kipenyo cha milimita 45 ukizunguka mara moja hutembea kama sentimita 14. Kwa hiyo ukiona nyuzi zilizobaki bila kukatika zinajirudia kila baada ya sentimita 14, wembe una pengo mahali pamoja, pengine uligonga pini. Usiuongezee nguvu, ubadilishe. Wa zamani ufunge kwa utepe wa gundi na uutie kwenye kopo lenye mfuniko, si kwenye ndoo ya taka anayoimwaga mtu mwingine.

Rula iwe ya plastiki ngumu yenye unene wa milimita 3 hivi. Ile nyembamba ya shule haifai, wembe huipanda kirahisi. Chini yake, kwenye pembe, bandika vipande vinne vya msasa laini vyenye ukubwa wa ukucha ili isiteleze. Kitenge kipya chenye nta huteleza kuliko kilichofuliwa, basi fua na upige pasi kwanza.

Sasa mkono wenyewe. Tandaza vidole juu ya rula, ncha zikandamize kama miguu ya buibui, zote zikiwa sentimita 2 au zaidi kutoka ukingo wa kukatia. Kidole cha mwisho kitoke nje ya rula upande wa pili na kikanyage mkeka wa kukatia, ndicho breki. Rula ya sentimita 60 haishikiki yote kwa mara moja, na hapa wengi huumia: wanasukuma kisu hadi mwisho mkono ukiwa umebaki nyuma, ncha ya mbele ya rula inageuka kama mshale wa saa. Kata mpaka kisu kilingane na mkono, simama bila kuinua wembe, sogeza mkono mbele, endelea. Siku zote sukuma kwenda mbele, usivute kuja tumboni.

Kata ukiwa umesimama, meza usawa wa nyonga. Kitenge tabaka nne zinatosha. Jinzi za mitumba kutoka soko la Memorial, Moshi, moja au mbili. Kila unapoweka kisu chini, funga kifuniko chake, hata kama unageuza kitambaa tu. Kisu kikidondoka, kiache kidondoke, na miguuni kuwe na viatu vya kufunika vidole, si ndala. Umeme ukikatika, pumzika: tochi ya simu huangusha kivuli cha rula palepale pa kukatia.

Ukijikata, vua pete mara moja kabla kidole hakijavimba. Bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya usawa wa moyo, na ubane dakika 10 ukitazama saa, bila kufunua kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza. Ikitulia, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, funga kwa gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) iliyopakwa mafuta safi ya mgando isigande kwenye kidonda. Usitie majivu, kahawa, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Vyote huchafua kidonda na kumpa daktari kazi ya kuvisafisha.

Kisha jipime. Kunja na unyooshe kila kiungo cha kidole. Fumba macho, mwenzako aguse kwa pamba pande zote mbili za kidole mbele ya jeraha. Kiungo kisipokunjika au upande mmoja ukawa na ganzi, huenda kano au mshipa wa fahamu umekatika, hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Nenda hospitali siku hiyohiyo: Mount Meru kwa walio Arusha, Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi. Nenda pia damu isipokoma baada ya dakika 15, kingo zikiachana, au ukiona mfupa. Ncha ya kidole ikikatika yote, ifunge kwa gozi yenye unyevu, tia kwenye mfuko usiopitisha maji, kisha mfuko huo uweke kwenye maji ya barafu. Barafu isiguse nyama.

Chanjo ya pepopunda ikiwa na zaidi ya miaka 10, au 5 kwa jeraha chafu, au hukumbuki, iulizie. Ngozi peke yake iliyonyofoka kwenye ncha, mfupa ukiwa umefunikwa, kwa kawaida huota tena kwa kubadilisha gozi tu. Wekundu unaotambaa, usaha au homa ni safari ya kurudi hospitali.

Kitenge chenye damu kiloweke kwenye maji baridi mapema. Maji ya moto huigandisha kwenye nyuzi.