Kuanza Ayurveda ya David Frawley ukiwa Kampala: anzia na saa ya kula usiku

Kama umeanza kumfuatilia David Frawley kwa simu, yule mzee wa Kimarekani mwenye jina la Kihindu Vamadeva Shastri, shika pesa yako kwanza, usikimbilie kununua makopo ya dawa za Ayurveda, ile tiba ya asili ya India. Huyu jamaa alizaliwa Wisconsin mwaka 1950 kwa familia ya Kikatoliki, akaingia Uhindu, akaanzisha taasisi yake ya mambo ya Veda, yale maandiko ya kale ya Kihindu, kule Santa Fe Marekani, na 2015 serikali ya India ikamtunuku nishani ya heshima ya Padma Bhushan. Ameandika vitabu vingi mno, yoga, dawa za asili, nyota, historia, vyote vimeingiliana ndo maana mtu anapotea. Ile historia yake mi nakushauri iweke pembeni, anashikilia kwamba Waarya, wale watu wa kale wa lugha ya Veda, asili yao ni India penyewe na wataalam wengi wa historia na lugha wanampinga. Ya mwili na chakula ndo ya kuanza nayo, kwa sababu yeye mwenyewe anafundisha kwamba yoga na Ayurveda haziachani, huwezi kunyoosha viungo asubuhi halafu tumbo umelisahau.

Sasa tatizo letu sisi. Ayurveda inasema moto wa tumbo, wanauita agni, unakuwa na nguvu zaidi mchana jua likiwa juu, kwa hiyo chakula kizito ni cha mchana, usiku ule kidogo na mapema. Halafu angalia Kampala: mchana mtu anameza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, amesimama, jioni anakwama kwa jamu, nyumbani anafika amechoka, matoke na nyama vinakuja saa nne usiku na saa tano yuko kitandani. Hapo hata ukinywa mizizi ya India yote unajisumbua bure. Jaribu hivi, mlo mkubwa ule saa saba mchana, kama uko kazini beba kwa kontena, na usiku ule kitu chepesi saa moja au mbili. Mkeo au mama nyumbani atanuna mwanzoni, ongea nae vizuri, mwambie hujakataa chakula chake unataka tu akuwekee ya kesho mchana.

Chepesi ni kipi? Wahindi wanapika choroko na mchele pamoja, na choroko ziko tele kwenye masoko ya Nakasero na Owino. Kama ni nzima loweka usiku kucha, kikombe kimoja, mchele kikombe kimoja, maji vikombe sita hivi, chemsha choroko kwanza mpaka zianze kulainika ndo utie mchele. Pembeni pasha samli kijiko kikubwa, tupia bizari nyembamba, tangawizi iliyopondwa na manjano kidogo, ikinukia mwaga kwa sufuria, chumvi, basi. Kiwe laini kama uji mzito. Watu wa Ankole hapa hamna haja ya kufundishwa, samli ni yenu, mnaila kwa eshabwe, ule mchuzi wenu wa samli, toka zamani, sema tu hapa inapashwa moto.

Baada ya kula kuna chai nyingine, haina majani wala sukari: bizari nyembamba, mbegu za giligilani na shamari, kila moja kijiko cha chai, maji vikombe vinne, ichemke dakika tano mpaka kumi, chuja. Gesi tumboni inapungua. Shamari ukiikosa sokoni nenda maduka ya Wahindi mjini.

Yale maswali ya kwenye intaneti ya kukwambia wewe ni vata, pitta au kapha, yaani aina tatu za maumbile ya mtu kwa Ayurveda, jaza kama unataka ila usijifungie humo, wengi wanajibu vile wanavyotamani kuwa.

Pumzi sasa. Asubuhi kabla ya kula, kaa mgongo wima, kwa mkeka au kiti haijalishi. Kidole gumba cha kulia kizibe tundu la pua la kulia, vuta kwa kushoto polepole. Ziba kushoto kwa kidole cha pete, achia gumba, toa kwa kulia. Vuta hapohapo kulia, ziba, toa kushoto. Huo mzunguko mmoja, fanya dakika tano. Usibane pumzi kwa nguvu, na kama una mafua acha siku hiyo. Ukiona kizunguzungu rudi kupumua kawaida.

Najua swali linakuja, je nikifanya hivi nimeingia dini ya watu? Frawley mwenyewe hafichi, kwake yoga ni sehemu ya Uhindu na mantra, yale maneno matakatifu ya kurudiarudia, anafundisha. Choroko na kupumua havina shahada ya imani ndani yake. Mantra ni kitu kingine, kama dini yako inakukataza ziache, usijilazimishe kisa mwalimu kasema.

Kwenye dawa za kopo hapo tuongee serious, jamani. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zinauzwa maduka ya Boston, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki, na nyingine ni zile ambazo madini yanatiwa makusudi. Kwa hiyo poda ya kuletewa na rafiki wa rafiki kutoka Mumbai, haina lebo, hapana. Uliza kama imesajiliwa na NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda. Mjamzito asiguse bila daktari. Na kama unameza dawa za sukari, presha, ARV au za kuzuia damu kuganda, usiziache hata siku moja, na mwambie daktari wako unachoongeza, manjano ya kwa mboga sawa lakini vidonge vyake vya manjano nguvu yake ni nyingine kabisa na vinaweza kuongeza kutoka damu.