Namna ya Kulinganisha Metali kwa Uzito na kwa Joto

Anayenunua vyuma chakavu Mwanjelwa, jijini Mbeya, mara nyingi hutegemea macho na mkono. Macho hudanganywa na rangi ya juu, na mkono hudanganywa na ukubwa wa kipande, kwa hiyo ni vyema kuanza na densiti, yaani gramu zilizomo katika kila sentimita moja ya ujazo.

Chukua koki kuukuu inayong'aa. Ipime kwenye mizani. Tuseme ina gramu 340. Itumbukize kwenye kopo la kupimia lenye maji, uitikise mpaka mapovu yote yatoke, kisha usome maji yamepanda kwa kiasi gani. Gawanya gramu kwa mililita, kwani mililita moja ni sentimita moja ya ujazo. Yakipanda mililita 40, jibu ni 8.5, ambayo ni densiti ya shaba ya njano. Yakipanda mililita 51, jibu ni karibu 6.7, na hapo umeshika aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki iliyopakwa kromiamu, ambayo haistahili bei ya shaba. Alumini ina 2.7, chuma 7.9, shaba nyekundu karibu 9 na risasi 11.3.

Kwa upitishaji wa joto, tafuta fimbo za urefu na unene uleule. Gandisha msumari mdogo kwa nta ya mshumaa kwenye kila fimbo, kwa kimo kilekile, kisha zisimamishe zote pamoja katika maji yanayochemka. Kwa kuwa Mbeya ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka karibu nyuzi 94, lakini nta huyeyuka mapema zaidi, hivyo jaribio haliharibiki. Msumari wa shaba nyekundu utaanguka kwanza, ukifuatiwa na wa alumini, kwani upitishaji wao ni takriban wati 400 na 237 kwa mita kwa kila nyuzi. Chuma cha kawaida kina kama 50, na kisichoshika kutu kina 15 tu. Ndiyo maana ugali huungua katikati ya sufuria nyembamba ya aina hiyo ilhali pembeni haujaiva.

Kuhusu kutunza joto, wengi hukosea. Kilo moja ya alumini huhitaji juli 900 (juli ni kipimo cha nishati) ili kupanda nyuzi moja, na ya chuma 450, lakini hakuna anayechagua kikaango kwa kilo. Kwa ujazo sawa, chuma hubeba juli 3.5 kwa kila sentimita ya ujazo kwa kila nyuzi na alumini 2.4, hivyo kikaango cha chuma hutunza joto zaidi, na tofauti hiyo huonekana wazi katika baridi ya Makete mwezi Juni.

Baridi hiyohiyo hugusa na paa. Bati la alumini la mita 3, likitoka nyuzi 5 alfajiri hadi 50 mchana, hurefuka milimita 3. La chuma hurefuka nusu ya hapo. Kwa alumini, toboa tundu pana kidogo kuliko skrubu, wala usikaze mpaka mpira wake ubonyee kabisa.