Utakachohisi Unapopewa Nusukaputi, na Namna ya Kujiandaa

Mtu aliyepangiwa upasuaji huelezwa kwa kirefu habari za mshono, dawa na siku za kulazwa, lakini kuhusu nusukaputi yenyewe mara nyingi huambiwa tu kwamba atalala na hatasikia kitu. Kauli hiyo ni ya kweli, ila haimfai sana mgonjwa anayekesha usiku wa kuamkia upasuaji huku akijiuliza usingizi huo utamchukuaje, na itakuwaje akizinduka kabla kazi haijakwisha. Maelezo yafuatayo yanakwenda kwa mpangilio ambao mambo yatakutokea, kwa kuwa sehemu kubwa ya hofu hutokana na kushtukizwa. Yanahusu nusukaputi peke yake. Ganzi ya uti wa mgongo, ambayo hupewa akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji, humwacha mtu macho na ina maelezo yake.

Mazungumzo na mtaalamu wa usingizi

Siku moja kabla ya upasuaji, au asubuhi ya siku yenyewe, utaonana na mtaalamu wa usingizi. Huyu si yule atakayekupasua. Kazi yake ni kukulaza, kukulinda muda wote wa upasuaji na kukuzindua, kwa hiyo muda mfupi utakaokaa naye una thamani kubwa kuliko wagonjwa wengi wanavyodhani. Atakuagiza ufungue kinywa na kuinua shingo ili aone kama njia ya hewa itafikika kwa urahisi, na atauliza kama una jino linalolegea au meno ya bandia. Atakuuliza pia kuhusu presha, kisukari, pumu, kifafa, na dawa unazotumia. Zitaje zote, pamoja na mitishamba, na uulize ipi uendelee nayo na ipi uiache, kwa sababu jibu hutofautiana: dawa nyingi za presha humezwa asubuhi hiyo hiyo kwa funda la maji, lakini baadhi husimamishwa, na dawa za kisukari zinaweza kushusha sukari kupita kiasi kwa mtu asiyekula.

Mambo mawili husahaulika au hufichwa. La kwanza ni historia ya familia. Yapo maradhi machache ya kurithi yanayojitokeza pale tu mtu anapopewa dawa fulani za usingizi; mengine hupandisha joto la mwili kwa hatari, na mengine huchelewesha misuli ya kupumua kurudi katika kazi yake. Kwa hiyo kabla hujaenda hospitali, waulize wazee wa pande zote mbili kama kuna ndugu aliyewahi kupata matatizo chumba cha upasuaji. La pili ni pombe, sigara, bangi na miraa. Mgonjwa akiwa amefuatana na baba mkwe au kiongozi wake wa dini huona aibu kuyataja, nami simlaumu, lakini anayo haki ya kuomba wengine watoke nje kwanza. Miraa huchochea moyo na kupandisha presha, na mnywaji wa kila siku anaweza kuhitaji kipimo cha dawa tofauti na cha mtu asiyekunywa. Mtaalamu haulizi ili akuhukumu.

Kufunga kula na kunywa

Hapa ndipo udanganyifu unapoumiza zaidi. Mtu mwenye nusukaputi hupoteza uwezo wa kukohoa na kumeza, kwa hiyo chakula kilichomo tumboni kikipanda juu hakuna cha kukizuia kisiingie kwenye mapafu, na tindikali ya tumbo inayoandamana nacho huunguza mapafu na inaweza kuua. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni saa 6 bila chakula, saa 4 kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama, na saa 2 kwa maji matupu. Mlo wenye mafuta mengi, kama vile pilau au chapati na mchuzi wa nyama, huhitaji saa 8 au zaidi. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi. Maziwa na chai ya maziwa nayo huhesabiwa pamoja na chakula, ilhali chai ya rangi huhesabiwa pamoja na maji. Hospitali nyingi huagiza tu usile wala kunywa chochote kuanzia saa sita ya usiku, nawe fuata agizo ulilopewa. Lakini kama upasuaji wako umesogezwa hadi mchana, si utovu wa adabu kuuliza kama unaruhusiwa kunywa maji kidogo.

Ikiwa bibi alimwonea huruma mtoto akampa andazi alfajiri, sema. Upasuaji utaahirishwa kwa saa kadhaa, pengine mtu atakukaripia, na mambo yataishia hapo. Kwa aliyefunga Ramadhani, asihesabu daku kwa kukisia: aandike saa aliyomaliza kula, na amweleze mtaalamu kwamba hajanywa maji tangu wakati huo, ili aongezewe maji kwa dripu mapema.

Kuingia chumba cha upasuaji

Kabla ya kuondoka wodini utavua pete, hereni, shanga na hirizi, kwa kuwa umeme unaotumika kuzuia damu unaweza kuunguza ngozi iliyogusana na chuma; pini za nywele bandia ziondolewe kwa sababu hiyo hiyo. Rangi ya kucha ifutwe, kwani kifaa kinachobanwa kidoleni husoma oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga. Hina nyekundu kwa kawaida haina shida, lakini hina nyeusi iliyokolea vidoleni inaweza kuzuia mwanga huo, kwa hiyo bibi harusi mtarajiwa mwenye upasuaji wa kupangwa aache angalau kidole kimoja bila hina. Mwanamke anayesitiri nywele asiwe na wasiwasi: kofia ya chumba cha upasuaji hufunika nywele zote.

Ndani kuna baridi, mwanga mkali na watu waliofunika nyuso. Utaulizwa tena jina lako, upasuaji unaofanyiwa na upande wa mwili unaopasuliwa, ingawa umekwisha kujibu wodini na mlangoni. Wagonjwa wengi hutishika, wakidhani kwamba wahudumu wamechanganyikiwa. Kinyume chake, hiyo ni sehemu ya orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ambayo mwaka 2007 na 2008 ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Katika majaribio hayo vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Jibu kila mara kwa sauti, na ukisikia upande usio sahihi umetajwa, pinga hapo hapo.

Utalazwa kwenye kitanda chembamba, mkono mmoja ukinyooshwa kwenye ubao. Vibandiko vitatu au zaidi vitawekwa kifuani, mkanda wa presha utakubana mkono na kulegea, kisha utaanza kusikia mlio wa mapigo yako mwenyewe. Ukiusikia unakwenda mbio, ujue ni hofu tu, na kila mtu humo ndani ameizoea.

Dakika za kulala

Barakoa ya oksijeni itawekwa usoni, nawe utaambiwa uvute pumzi ndefu kwa dakika tatu hivi. Ina harufu ya plastiki, na wengine huhisi kama wanabanwa, ilhali hewa inayopita humo ina oksijeni nyingi kuliko ile ya kawaida. Ukiona dhiki, omba uishike mwenyewe. Wataalamu wengi hukubali.

Kinachofuata hutegemea dawa. Propofol, yenye rangi ya maziwa, huweza kuchoma au kuuma mkononi inapopita kwenye mshipa, na maumivu hayo hukoma kwa kuwa wewe mwenyewe umekwisha kulala. Thiopental, dawa ya tangu miaka ya 1930, huwaachia wengine ladha ya kitunguu mdomoni. Dawa za maumivu zinazotangulia huweza kuleta kizunguzungu au kikohozi cha ghafla. Watoto wadogo mara nyingi hulazwa kwa kuvuta hewa yenye dawa, kabla ya kuchomwa kanula, yaani mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa, na mzazi anayeruhusiwa kuwepo aelezwe mapema kwamba mtoto anaweza kurusha mikono na kugeuza macho kabla hajatulia. Hiyo si dalili ya mateso, wala mtoto hataikumbuka.

Katika upasuaji wa dharura, mtu anaweza kukubonyeza kidogo kooni unapoanza kulala. Anafanya hivyo ili kuzuia chakula kisipande. Pengine utaambiwa uhesabu. Usijitahidi kushinda usingizi, wala usijilazimishe kulala. Kwa dawa ya mshipani usingizi huja kwa kawaida ndani ya nusu dakika au dakika moja, bila mlango unaoweza kuuona ukifungwa.

Ketamini inastahili maelezo yake, kwa kuwa katika hospitali nyingi za wilaya na vituo vya afya vya Afrika Mashariki ndiyo tegemeo: haizimi upumuaji kwa urahisi, na haishushi presha kama nyingine zifanyavyo. Chini ya ketamini macho huweza kubaki wazi, na mtu akahisi anaelea, kuona rangi, au kuota ndoto za ajabu zinazoendelea wakati wa kuzinduka. Ukielezwa kwamba utapewa dawa hii, chagua mapema jambo jema la kulifikiria wakati wa kulala, na umwombe ndugu yako asikutikise wala kukuita kwa makelele utakaporudi. Mtu aliyetayarishwa namna hii huzinduka kwa utulivu zaidi.

Kuhusu hofu ya kuzinduka katikati: uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland, uliochapishwa mwaka 2014, ulikadiria kwamba hutolewa taarifa ya tukio hilo kwa mgonjwa 1 kati ya wapatao 19,000. Hatari huwa kubwa zaidi katika dharura na katika kujifungua kwa nusukaputi. Kama limewahi kukupata, litaje. Na likikupata, mweleze mtaalamu bila kungoja kuaminiwa na jamaa.

Kuzinduka

Baada ya usingizi wa kawaida mtu hujua kwamba amelala. Baada ya nusukaputi, saa tatu zinaweza kukosekana kabisa, na ndiyo maana wengi huuliza kwa nini upasuaji haujaanza. Sauti inayokuita jina na kukuamuru ufungue macho inaweza kuwa ya kwanza kuikumbuka. Macho huweza kunata, kwa kuwa yalifungwa kwa utepe. Koo hukwaruza kutokana na mpira wa kupumulia, na kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Kutetemeka ni jambo la kawaida na hutulizwa kwa blanketi au dawa. Kichefuchefu nacho kina dawa, kwa hiyo kitaje kabla hujatapika. Ukihisi mkojo umekubana sana, uliza kwanza kama umewekewa mpira wa mkojo, kwa maana mpira wenyewe huleta hisia hiyo.

Wengine hulia bila huzuni yoyote. Wengine hurudia swali moja kila baada ya dakika chache. Imani kwamba mtu akizinduka hutoboa siri zake zote haina msingi: kwa kawaida husikika maneno yasiyo na mpangilio, na muuguzi ana kazi nyingi za kufanya kuliko kuyakusanya.

Siku ya kwanza na ya pili

Kwa saa 24 usiendeshe gari wala pikipiki, usipike peke yako kwenye moto, usinywe pombe, wala usitie saini mkataba wa shamba au wa mkopo, hata kama unajiona mzima. Uamuzi hurudi baada ya miguu. Ukiruhusiwa siku hiyo hiyo, urudi na mtu mzima, na ni vyema iwe kwa gari, si nyuma ya bodaboda. Maumivu ya misuli ya shingo na mabega yanayofanana na ya mtu aliyefanya kazi nzito yanaweza kutoka kwa dawa ya kulegeza misuli, nayo huisha yenyewe. Lakini kupumua kwa shida, homa, kutapika kusikokoma, kushindwa kukojoa au kuchanganyikiwa kunakozidi ni sababu ya kurudi hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Kabla ya kuondoka, uliza kama mtaalamu wa usingizi alikutana na ugumu wowote: njia ya hewa iliyofikika kwa taabu, mzio, au kuchelewa kuzinduka. Kama upo, omba uandikiwe pamoja na majina ya dawa ulizopewa, ukihifadhi karatasi hiyo ndani ya daftari lako la kliniki, kwa sababu mtaalamu wa hospitali nyingine, pengine usiku wa dharura ambapo wewe huwezi kusema, hatakuwa na njia nyingine ya kuyajua.