Kucha zipendeze bila kuvuta sumu, saluni na nyumbani

Ukiingia saluni ya kucha ukakuta harufu inachoma macho kabla hata hujakaa, geuka utafute nyingine. Ile harufu ndo kemikali yenyewe iko hewani na mapafu yako yanaipokea. Na hapo wewe ni mteja tu, unakaa saa moja na nusu unaondoka zako, yule dada anayekubandika anaivuta toka asubuhi mpaka usiku, wengine wana mimba na wengine mtoto kalala kwenye mkeka pembeni ya meza. Kwaiyo haya naandika kwa ajili ya wote wawili, anayekaa na anayehudumia.

Tuanze na akriliki, zile kucha bandia za poda na maji, maana hapo ndo penye shida kubwa. Yale maji wanayochovya brashi kabla ya kugusa poda yanatakiwa yawe EMA, ila yapo ya bei chee yanaitwa MMA, na Marekani walianza kuyapiga vita kwenye kucha toka miaka ya 1970 baada ya watu kuumia vidole na kupata aleji. Utayajuaje? Harufu yake kali sana na haifanani na nyingine, kucha inakauka ngumu kama plastiki ya ndoo, na ukija kuitoa haiyeyuki kwenye asetoni hata uloweke vipi. Alafu ukijigonga mlangoni kucha bandia haivunjiki, inang'oka na kucha yako ya kuzaliwa, jamani maumivu yake usiombe. Muulize fundi akuonyeshe chupa. Kama maji yamemiminwa kwenye chupa isiyo na lebo mimi nisingekaa hapo.

Sasa hewa. Watu wengi wanawasha feni ya juu wanadhani wamemaliza, feni ya juu inazungusha tu ule ule mvuke na vumbi linakurudia usoni. Fungua dirisha na mlango, chukua feni ya kusimama uiweke dirishani inatazama nje ili ivute hewa chafu itoke. Kikombe cha yale maji kiwe na kifuniko na kifunikwe kila brashi ikitoka, pamba zenye asetoni zikitumika ziingie kwenye mfuko unaofungwa au ndoo yenye mfuniko maana zikiachwa wazi mezani zinaendelea kutoa mvuke. Kuhusu maski, ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali hazizuii mvuke. N95 inasaidia kwa vumbi la mashine ya kusagia, na kwa mvuke inatakiwa maski yenye kichujio cha mkaa. Glavu vaa za nitraili na ubadilishe mara kwa mara, akriliki inapenya.

Kubandua ndo kunaharibu kucha za watu wengi kuliko hata kubandika. Fundi ana haraka, anachomeka kitu chini ya kucha anainua, krak, inatoka na tabaka la kucha yako juu yake. Mkatalie. Njia ya taratibu ni hii: kwaruza juu kidogo na kifaili mpaka mng'ao uishe, paka mafuta ya nazi kwenye ngozi inayozunguka, weka kipamba chenye asetoni juu ya kucha, funga na foili, subiri dakika 10 mpaka 15 kwa jeli (ile rangi inayokaushwa na taa), akriliki nusu saa au zaidi, alafu sukuma taratibu na kijiti cha mti. Ikigoma funga tena, usilazimishe. Asetoni inakausha ngozi tu ukilinganisha na hayo mengine, ila inashika moto haraka mno kwaiyo usifanyie jikoni karibu na gesi au mkaa. Na thina ya rangi ya ukuta sio rimuva, tafadhali.

Wanaojipaka jeli wenyewe nyumbani na vitaa vidogo vya kuagiza mtandaoni, sikilizeni. Jeli mbichi ikigusa ngozi, au isipokauka vizuri kwa sababu taa haiendani na jeli hiyo, inaleta aleji: vidole vinawasha, vinavimba, vinatoa malengelenge, wakati mwingine hata kope zinavimba kwa kujishika. Na ukishaipata mara nyingi haiondoki maisha, inaweza kukusumbua hata kwa daktari wa meno kwa sababu dawa za kuziba meno zina ndugu zake humo. Paka nyembamba, acha nafasi kidogo pembeni, iliyomwagikia ngozi ifute kabla ya kuwasha taa. Soma lebo pia, kuna kemikali ya kusaidia jeli ikauke kwenye taa inaitwa TPO, Umoja wa Ulaya waliipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025.

Rangi za kawaida angalia kama chupa imeandikwa 3-Free, maana yake haina kemikali tatu zenye madhara: formaldehaidi, toluini wala DBP. Ni neno la kampuni yenyewe, hamna anayewakagua wote, ila ni bora kuliko chupa isiyosema kitu.

Kwa wale kaka zetu wanaopita mtaani na kapu na beseni, wengi wana mkono mzuri kweli, wewe toa wembe wako, nelikata yako na kifaili chako, na ile ngozi ya kwenye mzizi wa kucha asiikate, aisukume tu maana ndo inazuia fangasi kuingia.

Ukitaka kupumzika na kemikali kabisa kuna hina, ya majani yaliyosagwa ukachanganya mwenyewe na maji ya ndimu. Inatoa rangi ya chungwa mpaka hudhurungi na hukaa kwenye kucha mpaka ikue, na kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi. Mtoto mchanga usimpake, kuna watoto damu yao haipatani nayo. Ile nyeusi tii ya dakika chache ni piko, mara nyingi ni dawa ya nywele yenye PPD, kemikali ya kutia weusi, inaunguza ngozi na ikishakufanyia hivyo hata kupaka nywele dawa nyeusi baadae ni hatari. Bibi harusi akipakwa akaanza kuhisi moto aoshe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni, na malengelenge yakitokea aende hospitali, asipake dawa ya meno.