Tasbihi, rozari na mala: jinsi ya kutuliza akili hapa hapa ulipo

Wakatoliki wana rozari, makumi 5 ya Salamu Maria, Waislamu wana tasbihi ya punje 33 au 99, Wahindu na Wabudha wana mala ya punje 108, na wote vidole vinafanya kazi ileile, kurudisha akili iliyokimbilia madeni na mambo ya kesho.

Anza na dini yako, usichanganye kwanza. Baada ya swala Muislamu anasema Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, sasa wewe usikimbize, shika punje moja, isikie kidoleni, vuta pumzi, tamka, ndo uende nyingine. Akili ikitoroka (itatoroka tu) usijigombeze, rudi kwenye punje uliyoshika.

Ukishazoea muulize jirani wa dini nyingine yeye anasalije, kwa heshima, bila mabishano, msikilize mpaka amalize. Jamani tofauti zipo na ni za kweli, ila Yesu kwenye Mathayo 6:34 anasema tusisumbukie ya kesho, na Mbudha anayefuata pumzi yake atakuelewa kabisa hapo. Simu iache chumba kingine.